Siku Moja ya Kiangazi Bagamoyo: Mwongozo kwa Watokao Kibaha na Kisarawe

Makao makuu ya Mkoa wa Pwani yako Kibaha, mji usio na pwani. Wilaya ya Kisarawe nayo haigusi bahari. Bahari ya mkoa huu iko Bagamoyo, Mkuranga, Kibiti na Mafia, na kwa mtu anayetaka kwenda asubuhi na kurudi jioni, Bagamoyo ndiyo yenye mji mkongwe, soko la samaki, ufukwe wa kuogelea na magari ya abiria ya kutwa nzima mahali pamoja. Mji wenyewe uko takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Si mkubwa: sehemu yake ya kale inazungukwa kwa miguu kabla jua halijawa kali, ilimradi matembezi yaanze mapema.

Bahari ya Bagamoyo ina kina kifupi, na karibu kila jambo la mji huu linatokana na hilo. Majahazi ya zamani yalipenda ufukwe wa namna hiyo: chombo kiliingia maji yakiwa juu, kikasubiri yapwe, kikalala ubavu mchangani, na wachukuzi wakapakua mzigo kwa mabega bila kuhitaji gati. Kwa njia hiyo mji ukawa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora ikileta pembe za ndovu na watumwa. Meli za mvuke zilipozidi, kina kilekile kikawa kikwazo, kwa kuwa zililazimika kutia nanga mbali. Wajerumani, waliokuwa wameifanya Bagamoyo makao makuu ya utawala wao, waliyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891, kwenye bandari yenye kina. Mgeni wa leo hulikuta jambo hilohilo kwa sura nyingine: akifika wakati mbaya, bahari aliyoifuata kutoka Kibaha iko mbali, na mbele yake kuna uwanda wa mchanga na tope. Kwa sababu hiyo kalenda ya mwezi mwandamo hutazamwa kwanza, ndipo ratiba ya gari.

Kwanza msimu. Kiangazi chenyewe ni Januari na Februari, vuli zikiwa zimekwisha na masika hayajaingia. Upepo wa kaskazi huvuma kwa wastani, bahari hutulia, mashua hutoka kila siku na soko hujaa samaki. Joto la mchana hufika nyuzi 32 na unyevu wa hewa hulifanya lionekane kubwa zaidi. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kipupwe: hewa ni nzuri kwa matembezi, lakini kusi huvuma kwa nguvu, bahari huchafuka, na ziko siku ambazo vyombo vidogo havitoki, soko likabaki na samaki wachache wa bei ya juu. Anayefuata magofu na historia atafurahia zaidi Julai, na anayefuata bahari aende Januari. Machi hadi Mei si wakati wa safari hii, kwani mvua za masika huharibu barabara za vumbi na mto Ruvu huyatia maji ya pwani rangi ya udongo. Mwezi wa Ramadhani nao una utaratibu wake. Mchana sehemu nyingi za kula hufungwa au hufunika milango kwa pazia, na jioni futari hujaa barabarani. Mtu asiyefunga anaweza kwenda, lakini ajue kwamba kula hadharani mchana ni kukosa adabu mbele ya wenyeji.

Baada ya msimu, mwezi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Katika sehemu hii ya pwani, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Tofauti kati ya maji ya juu na ya chini hukaribia mita nne siku hizo. Wiki moja baadaye mambo hugeuka: ni siku za maji mafu, maji hufika juu karibu saa nne au saa tano asubuhi, lakini hayapandi sana wala hayaendi mbali.

Kutokana na hesabu hiyo siku inaweza kuchaguliwa kwa kusudi. Tarehe 9 hadi 11 za mwezi mwandamo, na tena 24 hadi 26, maji hujaa kati ya saa sita na saa nane mchana. Hizo ndizo tarehe bora kwa familia yenye watoto na kwa anayetoka mbali kama Kisarawe, kwa sababu ataogelea na bado atakuwa na muda wa kurudi. Siku za bamvua zinamfaa anayependa kutembea: asubuhi huona vyombo vimelala mchangani, wanawake na watoto wakiokota chaza na kaa, na jioni maji humfuata hadi miguuni. Tarehe mbaya ni 3 hadi 5 na 17 hadi 19, maana maji hupwa mchana kweupe, saa ileile ambayo mtu anatamani kuyaingia. Tarehe hizi ni za makadirio. Jedwali la Mamlaka ya Bandari hutoa saa kamili za kujaa na kupwa, na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa hueleza kama kuna tahadhari ya upepo mkali na mawimbi. Asiye na vyote viwili ampigie simu mtu yeyote wa Bagamoyo amuulize maji yanajaa saa ngapi kesho. Atajibiwa papo hapo.

Njia za kutoka Kibaha ni mbili. Ya kwanza ni fupi: kutoka Tamco kupitia Vikawe hadi Mapinga, zaidi kidogo ya kilomita 20, kisha kushika barabara ya Bagamoyo kupita Kerege, Zinga na Kiromo. Mwenye gari lake binafsi hufika mapema sana kwa njia hii, akiukwepa msongamano wote wa jiji. Mwenye kutegemea usafiri wa umma aulizie kwanza Maili Moja au Tamco, kwani magari ya njia hii si ya uhakika kama ya barabara kuu, na hali ya barabara hubadilika kwa mvua. Njia ya pili ni ndefu lakini haina mashaka: daladala kutoka Maili Moja hadi Mbezi Mwisho, kisha barabara ya Goba na Madale inayotokea Tegeta, na pale barabarani hupandwa gari la Bagamoyo. Wakazi wa Mlandizi wana barabara yao inayotokea Makofia, kwenye barabara ya Bagamoyo kwenda Msata. Kiangazi hupitika vizuri, vumbi likiwa ndilo la kulalamikiwa.

Anayetoka Kisarawe ana safari ndefu zaidi, na kosa la kawaida ni kupitia katikati ya jiji. Njia nyepesi ni kushuka Pugu na Gongo la Mboto hadi Banana, kupanda gari la Kinyerezi na Malamba Mawili linalotokea Mbezi Mwisho, halafu kuendelea kama mtu wa Kibaha. Mabadiliko ya magari ni mengi, lakini foleni za barabara ya Nyerere na za mjini huepukwa. Safari nzima huchukua saa tatu au zaidi, kwa hiyo kuondoka saa kumi na moja alfajiri ni jambo la lazima. Mtu wa Kibaha anaweza kulala hadi saa kumi na mbili. Kikundi cha watu kumi na kuendelea kitapata nafuu kukodi gari dogo la abiria kwa siku nzima, na bei ikubaliwe pamoja na muda wa kurudi, si bei peke yake.

Mzigo uwe mwepesi: kofia, maji ya kunywa, kanga mbili au kikoi, nguo za kubadilisha, viatu vya wazi visivyoogopa maji, na fedha taslimu za noti ndogo. Kitambulisho cha taifa kisisahaulike, kwa sababu viingilio vya magofu na makumbusho vina bei ya raia na bei ya mgeni wa nje, na tofauti si ndogo. Kanga ya pili ina kazi yake. Bagamoyo ni mji wa watu wa dini, Waislamu na Wakristo, na mavazi ya ufukweni huishia ufukweni. Anayepanda kutoka majini kuingia mitaani hujifunga vizuri.

Mgeni akifika stendi saa mbili au saa tatu asubuhi, aelekee sokoni kwanza, kabla ya magofu. Magofu yatamsubiri, samaki hawatasubiri. Soko liko ufukweni, karibu na jengo la Forodha lililojengwa mwaka 1895. Njiani chai hupatikana kwa mama lishe: chapati, vitumbua, mihogo ya kuchemsha, na kwa mwenye tumbo imara, supu ya pweza.

Ngalawa na mashua zilizolala baharini huanza kurudi alfajiri na huendelea kuingia asubuhi, kutegemea upepo na maji. Samaki hushushwa kwa ndoo na makapu, wakamwagwa chini, wakapangwa kwa mafungu: vibua pamoja, changu pamoja, pono na tasi pamoja, na nguru au kolekole mkubwa akalazwa peke yake. Dalali husimama juu ya fungu na kutaja bei ya kuanzia kwa sauti ya haraka inayokatika vipande. Wachuuzi waliozunguka hawapigi kelele. Mmoja hutikisa kidevu, mwingine hugusa bega la dalali, na mgeni hushtukia fungu limekwishauzwa bila kujua nani amenunua. Asiyezoea mnada asijaribu kushindana na wachuuzi, ambao wana mtaji na wanajuana. Asubiri fungu liuzwe, kisha anunue samaki wawili watatu kwa mchuuzi mwenyewe pale pale, kwa faida ndogo ambayo mchuuzi ataipata na ambayo ni haki yake.

Samaki mbichi hutambuliwa kwa macho yaliyotuna na kung'aa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ikibonyezwa kwa kidole. Aliyeshinda juani ana jicho lililodidimia lenye ukungu, hata kama amemwagiwa maji ya chumvi apendeze. Vijana wa kuparua wako palepale. Kwa ujira mdogo huondoa magamba, hutoa matumbo na kumchanja samaki mbavuni, kazi inayochukua muda mfupi kuliko kuisimulia. Pembeni kuna makarai ya mafuta juu ya moto wa kuni, na samaki aliyenunuliwa anaweza kukaangwa hapohapo. Anayekaanga humpaka chumvi, humweka kwa mkia kwanza kupima mafuta, na yakichachatika vizuri humwachia. Samaki huyu, akiliwa na mihogo ya kukaanga na ndimu, ni chakula bora kuliko vingi vinavyoandikwa kwenye menyu za hoteli za mji huo.

Kutoka sokoni kupanda mjini ni hatua chache. Mtaa wa India ndio uti wa mji mkongwe: nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, baadhi zimekarabatiwa, nyingine zimebaki kuta zenye mti uliootea ndani. Milango yake ya kuchonga ndiyo inayosimamisha watu. Mlango mmoja unastahili kutazamwa kwa karibu badala ya kumi kupigwa picha harakaharaka: maua na vikonyo vilivyochongwa kwenye boriti ya juu, mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, misumari ya shaba iliyobaki na matundu ya ile iliyong'olewa. Baadhi ya watembezaji husema mnyororo ulikuwa alama ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Maelezo hayo yapokelewe kwa tahadhari, kwani mnyororo ni nakshi ya kawaida kwenye milango ya Unguja na ya miji mingine ya Waswahili, na hutajwa pia kama kinga ya nyumba.

Boma la Wajerumani lilikamilika mwaka 1897, miaka sita baada ya makao makuu kuhama, jambo linaloonyesha kwamba mji haukuachwa mara moja. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliangusha sehemu ya jengo hilo. Ngome Kongwe ni ya zamani zaidi: ilianza kama nyumba ya Mwarabu tajiri karibu na mwaka 1860, ikaimarishwa zama za Sultani Barghash, ikatumiwa na Wajerumani kwa shughuli za kijeshi, kisha ikawa gereza kwa miaka mingi. Karibu na stendi kuna jengo la misafara, ambako wapagazi walipumzika kabla ya kuondoka kwenda bara au baada ya kushusha mizigo. Ua wake mpana ndio unaoeleza ukubwa wa biashara ile kuliko maandishi ya ukutani.

Mji huu ulipokea pia wageni waliojulikana duniani. Henry Morton Stanley aliondoka hapa mwaka 1871 kumtafuta David Livingstone. Desemba 1889 alirudi akiwa na Emin Pasha, aliyetoka naye jimbo la Equatoria, na usiku wa karamu ya kuwapokea Emin Pasha akaanguka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Alikuwa ametembea kutoka katikati ya Afrika salama. Mwezi huohuo wa Desemba, Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani tangu mwaka 1888, alinyongwa Pangani. Kumbukumbu za vita hivyo ziko karibu na ufukwe, upande wa kusini wa mji mkongwe: makaburi ya Wajerumani yenye majina, na hatua chache kutoka hapo mahali pa kunyongea, palipo na alama ya waliopinga utawala huo, bila majina yao. Mahali hapa hapachukui dakika kumi, na mtu akipewa muda wa kuchagua, ni bora kuliko nusu saa katika jengo lolote la mji.

Mtembezaji anafaa kwa anayefika mara ya kwanza. Achukuliwe aliye na kitambulisho, bei ikubaliwe kabla ya hatua ya kwanza, na stakabadhi ya kiingilio idaiwe kila inapolipwa fedha. Watu wasipigwe picha bila kuombwa ruhusa, hasa wavuvi kazini.

Ikifika saa sita jua huwa limesimama, na kutembea mjini ni adhabu bure. Hapo ndipo siku hugawanyika kulingana na maji. Yakiwa yanajaa mchana, ni wakati wa bahari. Yakiwa yamekupwa, ni wakati wa chakula na kivuli: wali wa nazi, samaki wa kukaanga au wa mchuzi, mchicha na kachumbari kwa mama lishe wa mjini, kisha dafu chini ya mwembe au mkungu. Januari embe bado zipo na hazina gharama. Hoteli za ufukweni hukubali mgeni asiyelala, na baadhi hutoza kiingilio kinachohesabiwa ndani ya chakula. Swali hilo liulizwe getini.

Kwa siku moja, mahali pawili pa nje ya mji mkongwe hupigania saa zilizobaki: Kaole upande wa kusini na misheni ya Wakatoliki upande wa kaskazini. Pote pawili panafikika kwa bajaji, lakini anayepalazimisha pamoja na bahari hurudi nyumbani na uchovu tu. Ni afadhali kuchagua.

Kaole iko kama kilomita 5 kutoka mjini. Ni magofu ya mji wa Waswahili ulioanza karne ya 13: misikiti miwili, na makaburi 22 ambayo baadhi yana nguzo ndefu zilizokuwa zimepambwa kwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alifanya uchimbaji hapo mwaka 1958. Lipo kaburi la Sharifa, ambalo watu bado huliendea kuomba dua, na upo mbuyu ambao inasemekana anayeuzunguka huongezewa miaka. Kinachofundisha zaidi kimejificha nyuma ya magofu. Bandari iliyoulisha mji huo imejaa tope na mikoko, na bahari haionekani tena kutoka msikitini. Richard Burton na John Speke walipoanza safari ya bara mwaka 1857 walianzia Kaole, wakati Bagamoyo bado haijawa mji mkubwa. Kisha bandari iliziba, biashara ikasogea kaskazini. Kaole ifikiwe asubuhi mapema au baada ya saa tisa, kwa kuwa kivuli ni haba na karibu na mikoko mbu hutoka jioni.

Misheni ilianzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliotokea Zanzibar, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa makazi ya watumwa waliokombolewa. Njia ya kuingilia ina safu za miembe mikongwe, neema kubwa mchana wa kiangazi. Mnara wa kanisa la kwanza bado umesimama. Humo mwili wa Livingstone ulilazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na hatimaye kuzikwa London. Alikuwa amefariki Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873, na watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, waliubeba mwili huo kwa miguu kwa miezi tisa. Jina la Livingstone liko kila mahali Bagamoyo, na la wabebaji linapaswa kutafutwa. Makumbusho ya misheni yamepangwa vizuri kuliko yote ya mji huu, na nje yake kuna mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Mnyororo huo ulifungiwa punda wa misheni, ukasahaulika, na mti ukaendelea kunenepa. Mwisho wa kiwanja, njia hushuka hadi msalaba ulio ufukweni.

Kwa mwenye watoto, au mwenye saa chache, misheni ndiyo chaguo bora: ina kivuli, ina maji, na iko karibu na ufukwe wa kuogelea. Aliyewahi kuiona aende Kaole.

Kuogelea hakufanywi mbele ya soko. Pale kuna kamba za nanga, matumbo ya samaki na vyombo vinavyoingia na kutoka. Ufukwe safi zaidi uko kaskazini, kuelekea msalabani na kwenye hoteli. Maji ya Bagamoyo si ya buluu angavu kama ya Nungwi, lakini si machafu. Mto Ruvu, uleule unaowapa Kibaha na Dar es Salaam maji ya bomba, humwaga tope lake baharini kaskazini kidogo ya mji, na mikoko hulizuia lisiende mbali. Karibu na mdomo wa mto wapo viboko na mamba, kwa hiyo matembezi ya ufukweni kuelekea kaskazini yasifike huko bila mwenyeji.

Mteremko wa bahari ni mdogo, jambo zuri kwa wasiojua kuogelea, lakini lina hatari yake. Siku za bamvua maji hurudi kwa kasi juu ya uwanda ule tambarare, na aliyekwenda mbali kuokota kome anaweza kukuta mkondo umejaa kati yake na ufukwe. Kanuni ya wenyeji ni rahisi: maji yakianza kugeuka, kila mtu hugeuza uso kuelekea nchi kavu. Miguu iburutwe mchangani badala ya kuinuliwa, ili taa aliyejizika apate kukimbia kabla hajakanyagwa. Anayechomwa na mwiba wa taa hutiwa mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia na kupelekwa hospitali. Watoto wawe na mtu mzima aliyeingia nao majini, asiye na simu mkononi. Siku za Idd, Krismasi na Mwaka Mpya ufukwe hujaa kupita kiasi, na hizo ndizo siku za kuikwepa Bagamoyo kwa anayetaka utulivu. Zikri ya wafuasi wa Sheikh Ramiya, kiongozi wa tarika ya Kadiria aliyefariki mwaka 1931, nayo huleta umati mkubwa kila mwaka. Anayeipenda asafiri kwa ajili yake, na anayetafuta nafasi kwenye gari achague siku nyingine.

Safari ya ngalawa ya saa moja au mbili hupangwa na wavuvi ufukweni. Hufanywa asubuhi, kabla upepo haujashika, na maboya ya kujiokolea yaonekane kwa macho kabla fedha haijatoka mfukoni. Chombo kinachokwenda Zanzibar si cha safari ya siku moja, na yeyote anayekipendekeza kwa familia ya matembezi aachwe.

Jioni, kuanzia saa tisa na nusu, mji huamka tena. Upande wa kusini, kwenye njia ya Kaole, iko Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Siku za masomo ngoma za wanafunzi husikika kabla geti halijaonekana, na akiombwa kwa heshima mlinzi hueleza kama kuna onyesho. Tamasha lake la kila mwaka haliangukii kiangazi. Watazamaji wa machweo nao wajue mapema kwamba pwani hii inatazama mashariki: jua huchomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Mwenye kutaka jua na bahari pamoja ilimpasa kuwahi alfajiri.

Kurudi kupangwe kwa mabadiliko ya magari, si kwa umbali. Mtu wa Kisarawe aondoke Bagamoyo ifikapo saa tisa na nusu au saa kumi, ili apite Malamba Mawili mapema jioni na akute bado gari za kupanda Kisarawe. Mtu wa Kibaha anaweza kukaa hadi saa kumi na moja, na mwenye gari lake anayepitia Vikawe avuke kipande cha vumbi kabla ya giza. Samaki wa kupeleka nyumbani wanunuliwe mwisho na kuparuliwa hapohapo. Wabichi hufungwa kwenye ndoo yenye mfuniko na barafu tele, la sivyo konda atawakataa, naye atakuwa na haki. Kwa safari ya magari matatu au manne katika joto la Januari, walio salama ni waliokaangwa wakakauka, wakafungwa kwenye karatasi baada ya kupoa, na kupashwa moto kwa chakula cha usiku uleule.